Mbwa wetu wa Sinza alikuwa anaiba kandambili za mguu wa kushoto tu. Nani ana maelezo?

#1 Mwana wa Michongoma
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo limenikaa kichwani zaidi ya miaka thelathini. Leo mvua imenifungia ndani, acha nilitoe.

Nimekulia Sinza, upande wa Makaburini, enzi zile uzio ni michongoma na geti ni mabati mawili yamefungwa kwa waya. Tulikuwa na mbwa dume, rangi ya mchanga mbichi, sikio moja limesimama na jingine limelala. Jina lake Sijui. Marehemu baba alimpa makusudi. Mgeni akifika anauliza, "Huyu mbwa wenu anaitwa nani?" Sisi watoto tunajibu kwa adabu zote, "Sijui." Mgeni anaona hatukufunzwa. Baba yuko ndani anacheka hadi anakohoa.

Huyu Sijui alikuwa na ugonjwa wa kandambili. Hazitafuni, anaziiba. Na habebi pea, anabeba moja, ya kushoto. Unaamka alfajiri uende choo cha uani, ya kulia inakusubiri mlangoni, mwenzake hayupo. Siku ya upatu kwa mama walikuja wanawake wanane, wawili wakarudi kwao mguu mmoja peku. Mama akawa ananunua kandambili za akiba na kuzificha juu ya kabati la vyombo, pamoja na sukari.

Mwaka 1991 ndiyo alivunja rekodi. Tumejazana kwa jirani tunaangalia ITV, viatu tumevua barazani. Tunatoka, watoto sita hawana cha kushoto. Nilichapwa mimi, kwa sababu mbwa ni wetu na kaka yangu alikimbia.

Ushahidi upo. Mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997, maji yalikata udongo nyuma ya migomba yetu, kandambili zikaanza kuchomoza moja moja. Tulihesabu kumi na moja. Sijui, mzee wakati huo, alisimama pembeni anatazama kama hazimhusu.

Swali: mbwa anajuaje kushoto na kulia?

#2 Pweza Mkavu
Nimevuta kigoda. Mbwa anaitwa Sijui 😂😂 mzee wako alikuwa mtu hatari.

#3 Dada wa Tabata
Kabla hatujafika kwa mbwa, 1991 ITV mliiona kwa darubini gani? ITV imeanza kurusha 1994. Kabla ya hapo Bara hakukuwa na kituo cha televisheni, mwenye seti Dar alikuwa ananasa TVZ ya Zanzibar kwa antena ndefu kama mlingoti, picha yenyewe inakuja na chenga za kutosha.

#4 Mwana wa Michongoma
@Dada wa Tabata dah, umenikamata. Basi ilikuwa deki ya video. Jirani alikuwa na deki, watoto tunalipa kwa kumchotea maji. Ila kandambili sita ziko palepale, sirudi nyuma.

#5 Mchokozi
Mtu hakumbuki kama aliangalia deki au ITV ila anakumbuka kandambili ilikuwa ya mguu gani. Endelea mkuu.

#6 Daktari wa Ng'ombe
Mimi ni mtu wa mifugo, nichangie kidogo. Mbwa mdogo ana meno 28 ya utotoni, mkubwa ana 42. Kati ya miezi minne na saba hivi meno yanabadilika, fizi zinamuwasha, anatafuna chochote laini, na kandambili ni laini kuliko vitu vingi vya nyumbani. Tabia nyingi za viatu zinaanzia hapo. Wengine wanaacha, wengine inageuka mchezo, hasa akigundua kwamba akibeba kiatu familia nzima inatoka mbio kumfuata. Kwake huo ni mpira.

Kufukia ni urithi. Mbwa ametokana na mbwamwitu, na tabia ya kuficha ziada ardhini imebaki.

Kushoto na kulia hajui. Anajua harufu.

#7 Mwana wa Michongoma
Daktari, tulimpata akiwa mdogo mwaka 1985. Hiyo 1991 ana miaka sita, fizi zilishapoa zamani. Na hakuwa mbwa koko jamani, alikuwa mchanganyiko na jamani shepadi.

#8 Pweza Mkavu
Kila mbwa wa Dar alikuwa nusu jamani shepadi. Sijawahi kukutana na mtu aliyefuga koko. Hao koko wa jalalani walizaliwa na nani?

#9 Bibi Kizaramo
@Mwana wa Michongoma mwanangu, usimwonee haya koko. Koko ndiye anayelinda. Hao wenu wa kizungu wanaumwa wakila ukoko, koko anakula ukoko, vichwa vya dagaa na pumba, na usiku halali.

Kuhusu kandambili, wewe ulikuwa mtoto, huwezi kujua. Zamani mtu hakuwa anaacha kiatu nje usiku. Unyayo wa mtu ni mtu mwenyewe. Ya kushoto ndiyo wanayoitaka. Inawezekana mbwa wenu alikuwa anawahi kuzitoa kabla hao wenyewe hawajafika.

#10 Mchokozi
Bibi shikamoo. Kwa hiyo Sijui alikuwa kamanda wa kikosi cha kuzuia uchawi, na mlipwaji alikuwa ni yule mtoto aliyechapwa.

#11 Bibi Kizaramo
Marahaba. Cheka tu.

#12 Kijana wa Mapipa
Nyie mlifuga, sisi tulifugiwa. Nyumbani Magomeni Mapipa ni familia ya Kiislamu, mbwa hakanyagi ukumbini. Ila jirani ukuta kwa ukuta alikuwa na mbwa jike anaitwa Yatakwisha. Jina lile lilikuwa linamlenga mama yangu, walikuwa na ugomvi wa maji ya kufulia. Kila jioni unasikia, "Yatakwishaaa! Njoo ule!" Mama anatwanga kisamvu kwa hasira, kinu kinalia nyumba nzima.

Siku moja Yatakwisha akapenya, akatia ulimi kwenye ndoo ya bibi. Bibi akatamka hukumu: ndoo ioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mimi na binamu ndio waoshaji. Tumefika ya sita, tunapumua, Yatakwisha huyo, karudi, kalamba tena. Tukaanza moja. Naapa yule mbwa alikuwa anahesabu.

#13 Msomi wa Ilala
@Kijana wa Mapipa hukumu ya bibi ilikuwa sahihi kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi huku pwani. Wamaliki wana mtazamo tofauti kuhusu unajisi wa mbwa mwenyewe. Na kufuga kwa ulinzi au uwindaji kumeruhusiwa, watu wanachanganya hilo.

#14 Kijana wa Mapipa
Shukrani ustadh. Ila kufuga kwa kumsema jirani nadhani hakumo.

#15 Mama Wawili
Uzi wa majina ungejitegemea. Mtaani kwetu Temeke kulikuwa na mbwa Hawatuwezi, mbwa Wivu, na nyumba moja ilikuwa na wawili: Sema na Usiseme. Wakiitwa pamoja usiku unaweza kudhani kuna mtu anatolewa ushahidi.

#16 Mzee wa Upanga
Wetu aliitwa Laika. Mzee wangu alisoma Moscow, akarudi na kofia ya manyoya isiyo na kazi Dar na mapenzi ya yule mbwa wa Warusi aliyeenda angani mwaka 1960 akarudi salama.

Laika wetu alikuwa na kesi moja tu kubwa. Aliingia jikoni mkesha wa Krismasi, akavuta paja la mbuzi kutoka kwenye sinia lililofunikwa na sinia jingine lililowekewa jiwe la kusagia viungo juu yake. Asubuhi tulikuta sinia limefunikwa vizuri na jiwe liko juu. Paja halipo. Hadi leo hakuna anayejua alirudishaje jiwe.

#17 Dada wa Tabata
@Mzee wa Upanga mkuu samahani, nitaonekana mchokozi. Laika alipaa Novemba 3, 1957, kwa Sputnik 2, na hakurudi. Hapakuwa na mpango wa kumrudisha. Waliorudi salama ni Belka na Strelka, Agosti 1960.

Na mbwa harudishi jiwe.

#18 Mzee wa Upanga
Hakurudi? Mzee alituambia alirudi, akapewa nyumba.

Dah. Nadhani alitudanganya kwa sababu tulikuwa wadogo.

Kuhusu jiwe, naelewa unakoelekea. Tulikuwa na mjomba anaishi nasi mwaka ule. Naomba tusiende huko, ni marehemu.

#19 Mchokozi
Mjomba apumzike kwa amani. Na paja pia.

#20 Shuhuda wa Kinondoni
Mimi wetu alikuwa anakimbiza mtu wa posta hadi anapanda mti.

#21 Pweza Mkavu
Mtu wa posta gani aliyekuja nyumbani kwenu Kinondoni? Sisi barua tunafuata kwenye sanduku, la kazini kwa baba au la shule. Acha kutuletea sinema hapa.

#22 Shuhuda wa Kinondoni
Haya, alikuwa msoma mita. Nilitaka kunogesha. Alipanda mwembe kweli na alisoma mita akiwa juu, akakadiria. Baba alimpa mbwa nyama siku hiyo.

#23 Neema wa Kimara
Mnacheka lakini mimi mbwa wa utotoni ananikumbusha sindano. Mdogo wangu aling'atwa na mbwa wa mtaani Mwananyamala akitoka madrasa. Jirani mmoja akasema tukate nywele za yule mbwa tuchome tupake kidonda. Mwingine pilipili. Mama hakusikiliza, alimshika mkono hadi hospitali. Nilimsindikiza kila aliporudishwa. Nilikuwa nasikia wakubwa wanasema sindano kumi na nne za tumboni, nikawa nalia kabla yake.

#24 Daktari wa Ng'ombe
@Neema wa Kimara mama yako alifanya la maana. Za tumboni ni zile chanjo za zamani, sasa anachomwa mkononi na idadi ni ndogo sana. Mtu aking'atwa: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri dalili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Nywele na pilipili waachieni wapishi.

Na mchanje mbwa wenu. Kampeni nyingi huwa karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani.

#25 Pweza Mkavu
Nywele kwa wapishi gani daktari 😂

#26 Mwana wa Michongoma
Pole Neema. Mdogo wako alipona vizuri?

Naomba turudi kwenye kushoto. Nimepata nadharia tatu, hakuna iliyogusa kushoto isipokuwa ya bibi.

#27 Msomi wa Ilala
Mkuu, mlango wenu ulifungukia upande gani? Watu wakivua mlangoni kwa haraka, ya mguu wa kwanza inabaki mbali na ukuta. Kama wengi mlianza kuvua kushoto ili muingie na kulia, basi ya kushoto ilikuwa nje zaidi, kwenye njia ya mbwa. Hakuchagua mguu, alichagua iliyo karibu.

#28 Daktari wa Ng'ombe
Hiyo ina uzito. Na mbwa nao wapo wanaopendelea mguu mmoja, kama sisi na mikono. Anayependelea kushoto anaweza kugeukia upande huohuo kila akifika mlangoni.

#29 Dada wa Tabata
Mimi naona rahisi zaidi. Mwana wa Michongoma, zile kumi na moja za El Niño, zote zilikuwa za kushoto?

#30 Mwana wa Michongoma
...Tisa za kushoto. Mbili za kulia.

#31 Mchokozi
HAYAAA. Uzi mzima tumekimbizana na bibi kaingia na wachawi, kumbe za kulia zilikuwemo!

#32 Dada wa Tabata
Ndiyo nilichotaka. Ya kwanza ikiwa ya kushoto unasema "kushoto." Ya pili ikiwa ya kushoto unasema "nilijua." Ikija ya kulia hata huioni. Mdogo wangu anaamini daladala ya Mbagala huwa inajaa anapofika yeye tu.

#33 Bibi Kizaramo
Tisa kwa mbili ni nyingi. Hamuwezi kunidanganya kwa hesabu.

#34 Fundi Magari ya Waya
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Naomba niulize swali la kitaalamu: nyumbani kwenu kulikuwa na mtoto wa kiume mwenye gari la waya?

#35 Mwana wa Michongoma
Kaka yangu. Alikuwa nalo basi refu, Ikarus kumbakumba, lenye kiungo katikati kilichofunikwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mtaa mzima walikuwa wanaliazima. Kwa nini?

#36 Fundi Magari ya Waya
Kumbakumba ina matairi mangapi?

Nieleze kwa wasiojua. Tairi zuri la gari la waya linatoka kwenye kandambili. Unaweka kopo dogo la kiwi juu ya soli, unazungusha msumari pembeni yake hadi uchore duara. Unakata kwa wembe, polepole, ukiinamisha mkono ili ukingo usichanike. Ukifika kwenye tundu la mkanda unalikwepa, kwa hiyo kandambili moja ya mtu mzima inatoa matatu, ukiwa bahili manne. Tundu la katikati unatoboa kwa msumari uliopashwa kwenye makaa, mpira unatoa moshi mweusi na harufu inaganda kwenye shati. Halafu unapitisha spoku.

Sasa mtoto mwenye akili haibi pea. Pea ikipotea, mwizi katoka nje, baba anaita watu wa ulinzi. Ikipotea moja, ni mbwa.

Nilikuwa nafanya hivyo Buguruni. Mbwa wetu alichapwa badala yangu mwaka mzima. Aliitwa Jeki. Samahani Jeki.

#37 Pweza Mkavu
Jamani jamani jamani.

#38 Mama Wawili
Nimepaliwa na chai.

#39 Daktari wa Ng'ombe
Hapo sasa mimi sina utaalamu.

Lakini @Fundi Magari ya Waya, za kwenye migomba nani alizifukia? Mtoto anayeficha ushahidi angetupa jalalani au chooni. Kufukia kwa kina kile ni kazi ya mbwa.

#40 Fundi Magari ya Waya
Au mtoto aliyewahi kumwona mbwa akifukia. Mkuu, zile kumi na moja zilikuwa nzima?

#41 Mwana wa Michongoma
Nimekaa na hili swali dakika kumi.

Nane zilikuwa nzima, zina alama za meno kwenye kisigino. Tatu zilikuwa na matundu ya mviringo. Nikikumbuka vizuri baba alizishika akasema, "Meno ya huyu mbwa ni ya ajabu." Na sisi tukakubali.

#42 Mchokozi
Mbwa mwenye meno ya duara la kopo la kiwi. Nusu jamani shepadi, nusu fundi seremala.

#43 Msomi wa Ilala
Basi walikuwa wawili. Mbwa anaiba zake, kaka anaiba zake, wote wanatumia jina moja. Na kama kaka aliona mbwa anachukua za kushoto, naye akafuata za kushoto ili mambo yafanane. Au kinyume chake, mbwa alifundishwa na kaka.

#44 Bibi Kizaramo
Au wote wawili walitumwa.

#45 Neema wa Kimara
@Mwana wa Michongoma alipona, ahsante kwa kuuliza. Sasa ana mbwa watatu. Mama hataki kwenda kwake.

Mkuu si umuulize kaka mwenyewe?

#46 Mwana wa Michongoma
Kaka yuko Mwanza, nimemtumia kiungo cha uzi huu kwenye WhatsApp. Wakati nasubiri nimempigia mama. Yeye yuko Kimara sasa, ana miaka sabini na kitu, akili yake ni kali kuliko yangu. Mazungumzo nayaweka kama yalivyo.

Mimi: Mama shikamoo. Unamkumbuka Sijui?
Mama: Marahaba. Mwizi yule.
Mimi: Alikuwa anaiba kandambili za kushoto.
Mama: Kandambili gani? Sijui alikuwa mwizi wa sabuni. Sabuni ya mche. Nakata vipande vinne niweke kwenye karai, nikigeuka viko vitatu. Ile ya Kigoma ndiyo aliipenda zaidi.
Mimi: Na kandambili?
Mama: Kandambili nilijua anauza kaka yako.

#47 Dada wa Tabata
Anauza?!

#48 Daktari wa Ng'ombe
Sabuni inaeleweka kabisa, ile ya Kigoma inatengenezwa kwa mawese, na pua ya mbwa haipitwi na mafuta. Na miguu ya watu wanaofua uani kwa sabuni hiyo hiyo, kandambili zinalowa maji yake kutwa nzima... Wakuu, inawezekana alikuwa anafuata sabuni kwenye kandambili. Mama alikuwa anasimamaje akifua? Karai liko upande gani?

#49 Mwana wa Michongoma
Nimempigia tena. Amesema nimuache alale. Halafu kabla hajakata akasema karai lilikuwa kushoto, kwa sababu kamba ya kuanikia ilikuwa kulia.

#50 Msomi wa Ilala
Hiyo inaeleza kandambili za mama. Wale wa upatu hawakufua.

#51 Mchokozi
Na watoto sita wa deki? Au ITV?

#52 Fundi Magari ya Waya
Mimi bado nataka kujua alikuwa anauzia nani. Mwaka ule Buguruni tulikuwa tunanunua kandambili mojamoja kutoka kwa kijana mmoja wa Sinza, anakuja na baiskeli. Shilingi tano. Sisemi kitu.

#53 Pweza Mkavu
Za mguu gani mkuu?

#54 Fundi Magari ya Waya
Nilikuwa nakata tu, sikuangalia.

#55 Mwana wa Michongoma
Kaka amesoma. Tiki mbili za bluu, dakika ishirini sasa. Aliandika kidogo, akaacha. Ameandika tena, ameacha.

Baiskeli alikuwa nayo.